Kidole ya Hamisi, Kidole Yangu

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kidonge ya tansiyo, ya presha, nimekunywa, ile inanituma chooni kila saa. Chai bila sukari, juu sukari haiko sokoni. Maharagwe nimepepeta nusu gunia. Zuhura ameketi na daftari. Zuhura ni bibi ya kijana yangu. Mi nasema, yeye anaandika, juu mi sikuona mlango ya shule. Tulipatana: aandike vile nasema, na asisomee mtu. Hata bwana yake.

Supu ya kwato ya mbuzi ya Idi ingali inabaki. Napasha, nakunywa, napasha tena. Naweka na ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Meno yangu haiwezi nyama, lakini supu na ndagala zinapita zenyewe.

Bon. Hamisi amepiga simu toka Muyinga. Hamisi ni mdogo wangu, fundi wa nguo, tulibaki wawili tu kwa mama yetu. Amelala mzima, anasema, ameamka alfajiri kidole kikubwa ya mguu wa kuume inawaka moto. Hakuanguka. Hakujigonga. Nyekundu, imevimba, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Shuka ikigusa tu analia. Mwanaume wa miaka sitini na tatu, analia juu ya shuka.

Mi nilitaka kujua yote. Ni kidole moja tu? Moja. Inawasha? Hapana, inachoma, kama mtu amejaza sindano ndani. Fundi wa nguo na sindano kwenye kidole. Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Nikauliza jana alikuwa wapi. Mwakiro, mashambani nje ya mji, kwa Yosefu. Huyo ni rafiki yake, mkulima, Mkristo, alikulia Tanzania kwenye kambi akarudi mtu mzima. Anasema Kiswahili safi mpaka unaona aibu. Wanapendana na Hamisi tangu siku alimshonea suti ya kuoza binti yake. Nikauliza, ulikula nini kule? Ugali na maharagwe. Ulikunywa nini? Maji tu, anasema haraka. Ndani ya gilasi? Hapana, ndani ya kibuyu.

Hapo masikio yangu yalisimama. Maji ya gilasi unaiona. Lakini kitu ya kibuyu, kwetu Burundi, mwenye nyumba anaonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni aone kama haina sumu. Hata mtoto anajua. Nikauliza, Yosefu alionja?

Akasema, hapana dada, hakuonja.

Mi nikamwambia: basi hapo ndipo ilitoka.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Kidole ya Hamisi leo imekuwa kama nyanya. Machine ya kushona imelala, juu anakanyaga pedali na mguu ule ule. Yunifomu za watoto wa shule zimerundikana.

Nimeuliza jirani zangu wote hapa Musinzira, mtaa wetu wa Gitega. Mwenye duka anasema ni mdudu. Mama wa nyumba ya pili anasema ni sindano za kutumwa, alishaona kwa shangazi yake. Mwingine anasema kuna watu wanaficha dawa kwenye ukucha, akikupa kibuyu anachovya kidole. Mi nilisikiliza vizuri. Mambo kama hiyo inanipendeza, siwezi kudanganya. Nimemrudishia yote Mariamu, bibi ya Hamisi, kwa simu. Tuliongea mpaka uniti zikaisha.

Tena nilijisikia mwenye akili. Andika hivyo Zuhura, ndiyo, hivyo hivyo.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Siko vizuri.

Mariamu alikwenda sokoni akasema. Aliyemsikia akasema. Leo Mwakiro nzima inajua Yosefu anawapa watu sumu. Usiku wa jana wamekata ndizi zake. Shina kumi na moja, zote chini, majani yamelala kwenye njia. Hakuna aliyeona nani alikata.

Na si hiyo tu. Kuna jirani yake amepeleka maneno kwa bashingantahe, wazee wa kilima wanaosikiliza mashauri. Watakaa Jumamosi ya tarehe 21. Wakiona ni kweli, Yosefu atahama. Shamba ile aliihangaikia miaka tangu arudi, na kuna watu wanaikodolea macho tangu siku hiyo. Sasa wamepata njia. Na ikifika kwa mtu kuitwa mtoa sumu, siyo kila mara anahama akiwa mzima. Nimeona. Sitaki kusema niliona wapi.

Wamemwita Hamisi. Watamuuliza neno moja tu, kama Yosefu alionja.

Mi nilisema neno moja kwenye simu, na niko Gitega nimeketi na maharagwe. Angalia imefika wapi.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Hamisi amepiga. Kidole imeanza kupoa. Ngozi inabambuka juu yake kama ya viazi. Leo amevaa kandambili. Anasema ni majani alipewa na mzee moja, anasugua asubuhi na jioni.

Mi nimekaa na hii kitu kichwani siku nzima. Sumu gani inapiga kidole moja, inaacha tumbo, inaacha kichwa, siku saba inaondoka yenyewe? Sumu ninazojua, mtu anatapika. Anakonda. Mama wa marehemu bwana yangu alikonda mwaka mzima, lakini yeye ilikuwa kifua kikuu, tulikuja kujua baadaye, tulikuwa tumeshagombana na nyumba nzima ya upande wa pili. Hiyo hadithi sitaimaliza leo.

Nilitaka kusema nini? Ehe. Baba.

Wakati naosha sahani ndiyo ilikuja. Baba yetu alikuwa anachoma brosheti, mishikaki, sokoni hapa Gitega, zamani, kabla Hamisi hajapata akili. Yeye mwenyewe alikula figo na maini, juu wateja wanataka mnofu. Na alikuwa na kiatu moja ya ngozi ameikata mbele na kisu, tundu kubwa, kidole kinatoka nje. Tulikuwa tunacheka. Watoto wa mtaa walimwita jina, Mzee Dirisha. Kila mwaka Idi ya kuchinja ikipita, anakaa na mguu ndani ya beseni, mtu asipite karibu, hata upepo ya mtu kupita inamuumiza. Siku nane, tisa. Halafu anasimama anarudi kwa brosheti zake kama hakuna kitu.

Baba hakumjua Yosefu. Yosefu alikuwa bado hajazaliwa.

Zuhura ameacha kuandika ananiangalia. Andika.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Nilimpigia Hamisi kumkumbusha baba. Anasema baba ilikuwa uzee. Nikamwambia, baba alikuwa na miaka arobaini. Anasema dada, kata simu, wateja wako hapa. Wateja gani, machine haijaanza hata.

Mdogo wangu anaficha kitu. Nimemlea mimi, nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ikawa na alama yake. Akiwa na uongo anasema haraka, halafu anatafuta wateja.

Nimeuliza, utasema nini mbele ya wazee? Anasema, nitasema vile nilikuambia. Sauti ilikuwa ndogo.

Nitaenda Muyinga mwenyewe. Jioni nimekula ndagala na ubugali, sahani mbili. Nikiwa na wasiwasi nakula.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Nimeshinda steshoni tangu saa moja asubuhi. Essence, petroli, hakuna. Basi inakuja, inalala pale, dereva anaondoka na bidoni tupu kuitafuta, harudi. Tulikuwa wanawake watano tumeketi juu ya mizigo. Hakuna hata mmoja aliyekunywa maji. Wanawake wa umri wangu tukisafiri hatunywi, tangu jana yake, juu ukiomba dereva asimame kwa ajili ya choo, watu wazima wanakucheka na vijana wanakuangalia. Kidonge ya tansiyo nilikunywa, maji hapana. Jua kali. Mdomo ukawa kama kitambaa.

Saa kumi nimerudi nyumbani. Kesho tena. Mguu umechoka tu.

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Zuhura alikuwa ananihurumia kuandika. Nikamwambia leo ndiyo uandike kuliko siku zote.

Imenipata mimi.

Alfajiri. Mguu wa kushoto, kidole kikubwa. Niliota nimeweka mguu kwenye jiko la makaa, nikaamka, jiko liko hapo hapo ndani ya kidole. Nimezaa watoto saba. Hii iko pamoja nao kwenye orodha. Nilitoa shuka. Paka alipita pembeni ya kitanda, nikamwambia rudi, mguu ulisikia paka.

Halafu nikawasha taa nikaangalia. Sijui kama mtu atanielewa. Nilikuwa na maumivu, na nilikuwa nafurahi. Nyekundu. Inang'aa. Moto ukiweka mkono, baridi ukiweka mkono kwenye kidole ya pili yake. Vile vile Hamisi alisema, neno kwa neno. Vile vile baba.

Na hapa kwangu nani amenipa kibuyu? Supu nilipika mwenyewe. Yosefu hajawahi kukanyaga Musinzira. Nikakaa kwenye kitanda peke yangu nikasema kwa sauti, we mwanamke, umemuua mtu bure na mdomo yako.

Kijana yangu amenipandisha kwenye moto, pikipiki, taratibu, mpaka kwa masista wa Mushasha, hapa Gitega, wako na dispanseri. Sista aliyenipokea bado mdogo, mikono baridi, sijawahi kupenda mikono baridi kama leo. Hakugusa kidole. Aliiangalia tu, akaanza kuuliza. Maswali yake yalinishangaza, moja lilikuwa linafuata lingine kama alikuwa anaishi jikoni kwangu.

Ilianza ghafla? Ghafla. Kuna mtu kwenu alikuwa nayo? Nikamwambia Mzee Dirisha. Unakula nyama za ndani, figo, maini, supu ya mifupa? Ndagala? Nikamwambia Sista, nani amekusimulia. Akacheka. Vidonge vya tansiyo, vya kukojoa? Akataka kuviona, nilikuwa navyo kwenye kitambaa. Jana ulikunywa maji kiasi gani? Hapo niliona aibu. Fanta? Zamani, kabla sukari haijapotea. Mwisho akauliza kama nakunywa pombe. Nikamwambia mi ni Mwislamu, Sista. Akasema nauliza kila mtu, mama, hata mapadri, juu pombe inaileta haraka sana.

Inaitwa guti, wengine wanasema gauti. Kuna uchafu kwenye damu, asidi uriki, kila mtu anayo, figo zako zinaitoa na mkojo. Ikizidi, au maji yakikosa, inakaa kwenye kiungo, mara nyingi hapo kwenye kidole kikubwa, na inaganda. Nikauliza inaganda vipi, kama chumvi? Akasema ndiyo, kama chumvi, lakini kila punje imechongoka. Ukiiangalia kwenye mashine yao ya kuongeza vitu ukubwa, utaona sindano. Ndogo ndogo, nyingi.

Sindano. Basi zilikuwepo kweli. Hakuna aliyezituma.

Nikauliza mbona baba ilimpata na miaka arobaini, mi nikiwa bibi kizee. Anasema mwanamke analindwa mpaka damu ya mwezi ikatike. Baadaye tunakuwa sawa na wanaume. Kitu ile, katika miaka sabini na moja, hakuna mtu aliwahi kuniambia. Nilitaka kubaki pale nimuulize mpaka jioni. Wengine walikuwa wanangoja.

Wametoa damu ya eksame, waipime. Wamenipa dawa ya uvimbe. Kile kidonge ya tansiyo amesema nisikiache mwenyewe hata siku moja, daktari atakuja Jumatano ataangalia kama atakibadilisha. Na maji. Maji, maji.

Zuhura anasema nisiende Muyinga na mguu huu. Kesho ndiyo tarehe 21. Naenda.

Ijumaa hiyo hiyo, jioni, Muyinga

Nasema ndani ya simu, inashika sauti. Zuhura ataandika baadaye. Zuhura, hii ndiyo ile sehemu ya kutosomea mtu.

Nilipata gari ndogo ya mtu anapeleka viazi. Mguu nje ya dirisha njia nzima, watu wa Karuzi wametusalimia wakidhani napunga. Nimekunywa maji chupa mbili, na nimeomba dereva asimame mara nne. Alisimama. Hakuna aliyenicheka. Miaka yote ile nilikausha mwili bure.

Hamisi alinifungulia. Akaona mguu. Unajua alisema nini? Alisema, yoo, dada, Yosefu amekufikia mpaka Gitega. Nikamwambia amepita wapi, kwenye simu?

Nilimkalisha kwenye kiti cha machine yake. Nikamwambia nakuuliza maswali ya Sista, mi na we na Mungu. Maini ya Idi, nani alikula? Yeye. Mwanaume wa nyumba ndiye anapewa maini na figo, kwetu ni hivyo, tulimpa baba, tunampa yeye, kwa heshima. Tulikuwa tunampa ugonjwa kwenye sahani nzuri. Maji? Akishona hanywi, anasahau. Baba? Akakubali, baba.

Pombe?

Akaangalia ukuta. Kuna kalenda pale, ya mwaka uliopita. Aliisoma yote.

Mi nilikuwa sijajua mpaka sekunde ile. Kwenye kibuyu haikuwa maji. Ilikuwa urwarwa, pombe ya ndizi, na mrija. Hamisi, anayekaa safu ya kwanza msikitini. Siyo mara moja. Kila Jumapili anapoenda Mwakiro, miaka sasa. Mariamu hajui. Mi sikujua, na mi najua kila kitu.

Nikauliza polepole: Yosefu alionja?

Akasema, alionja dada. Anaonja kila mara.

Basi mbona ulisema hapana? Akasema, ningesema alionja, ungeuliza alionja nini. Ningesema maji, ungeuliza mpaka mwisho. Ungenishika hapo hapo.

Kwa sababu ya mdomo wangu wa kuuliza, akaona afadhali aseme uongo. Na kwa sababu ya ule uongo mtu atafukuzwa kwake. Nilitaka kumpiga na fimbo. Mguu ulikataa nisimame.

Nikamwambia, na yeye Yosefu, mbona hajasema kwa watu kwamba mlikuwa mnakunywa wote? Ingemuokoa siku ya kwanza.

Hamisi akaanza kulia. Safari hii shuka haikumgusa.

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Bado kwenye simu.

Wazee wanne, kwenye ua wa mmoja wao, Mwakiro. Watu wengi zaidi ya inavyotakiwa, juu Jumamosi watu wametoka kwenye kazi za pamoja na majembe yao. Majembe yale sikuyapenda. Mi walinipa mkeka, mguu juu ya gunia.

Yosefu alikuwa amevaa suti ile ya kuoza binti yake. Suti ya Hamisi. Amekonda. Aliponiona alikuja mpaka kwenye mkeka akainama: "Shikamoo, dada mkubwa. Pole na mguu." Mtu niliyemharibia. Nikasema marahaba.

Mzee mkubwa akamuuliza mbele ya wote: siku ile ulimpa nini Hamisi, na je, ulionja?

Yosefu akasema, "Mwulizeni Hamisi. Atakalosema yeye, mimi sina la kuongeza wala kupunguza."

Watu wakanung'unika. Mtu mmoja nyuma akasema, mnaona, hana jibu. Bibi ya Yosefu alikuwa mlangoni amefunika mdomo na kitenge, anamwangalia bwana yake aseme. Yeye alijua. Wote wawili walijua, na walinyamaza siku zote zile, ndizi zikakatwa wakanyamaza, ili Hamisi asiaibike kwao.

Hamisi alikuwa ameketi. Hakusimama. Nilihesabu pumzi zake. Mi nilikuwa nimeapa sitasema siri yake, hiyo ni yake. Lakini yangu niliweza kusema.

Nikaomba neno. Nikasema mimi ndiye nilisema kwanza. Si Hamisi, si Mariamu. Mimi, kwenye simu, niko kwangu, sikuona kitu, nilitaka tu kuwa wa kwanza kujua. Nikafungua kitambaa nikaonyesha mguu. Nikawaambia angalieni, ni ya jana, imenipatia Gitega, hakuna mtu wa Mwakiro alinipa hata kikombe. Nikawaambia ya baba na beseni. Nikawaambia ya masista, guti, asidi, maini, ndagala, maji. Sikusema pombe. Niliongea sana, najijua. Mzee mmoja alilala kidogo. Lakini mwingine, mwenye kofia, akavua kiatu taratibu akaangalia kidole chake mwenyewe, akauliza, hii ya kwangu inakujaga mwezi wa mavuno, nayo ni hiyo? Watu wakacheka. Nikamwambia nenda dispanseri, wazee hawajatumwa kupima vidole.

Mzee mkubwa hakucheka. Akasema, mama, tumesikia mguu. Lakini neno tulilouliza bado halijajibiwa.

Hapo Hamisi alisimama. Ameshika ukuta. Akasema, "Alionja."

Mzee mkubwa akamwambia aendelee.

"Alionja, juu ilikuwa urwarwa. Tulikunywa na mrija mmoja. Mi na yeye, kila Jumapili. Nilidanganya dada yangu, halafu ikanishinda kurudi nyuma."

Sitasahau ule ua. Mariamu alikuja kwa miguu nyuma yetu, alikuwa pale, alisikia. Akaweka mkono kichwani. Baadhi ya watu walibeba majembe yao wakaondoka bila kuaga, na wengine niliona hawajapenda kabisa, walikuwa wameshagawa shamba ile moyoni. Wazee walisema hakuna kesi. Walisema waliokata ndizi waje wenyewe kabla hawajatafutwa. Hakuna aliyekuja.

Baadaye tulikwenda kwa Yosefu. Ilikuwa lazima, na hakuna aliyejua aseme nini. Bibi yake alileta maji ndani ya kibuyu, juu mi nilikuwa nimesema Sista ameniamuru maji. Yosefu akakipokea kwanza akakipeleka mdomoni. Maji. Siku hizi anaonja hata maji, hata chai ya watoto, mbele ya kila mtu. Nimemfundisha hivyo mimi.

Nikaweka mkono juu ya kibuyu. Nikamwambia, usionje.

Akasema, "Dada mkubwa, ni desturi."

Nikamwambia najua ni desturi. Mbele yangu usionje.

Akanipa. Nikanywa mpaka chini. Hamisi akaomba na yeye, maji, wakamjazia. Alikunywa bila mtu kuonja. Yosefu alikuwa anaangalia nje, kwenye ndizi.

Alhamisi, tarehe 3 Julai

Musinzira. Zuhura amerudi kwenye kiti chake. Amemaliza kuandika ya kwenye simu, alinipikia uji.

Daktari amebadilisha kidonge. Damu yangu ilionyesha asidi iko juu, Hamisi pia, alipimwa Muyinga. Kidole imepoa, inabambuka. Nimekata kiatu mbele, tundu kama la baba, itanisaidia siku nyingine ikirudi. Watoto wa Zuhura wamecheka. Wacheke.

Jirani anakaanga ndagala. Harufu inapita ukutani. Nimekunywa maji.

Hamisi ameondoka safu ya kwanza, anaswali nyuma karibu na viatu. Mariamu anampikia lakini hasemi naye sana. Jumapili alikwenda Mwakiro na panga, kusafisha majani yaliyolala kwenye njia. Walifanya kazi mpaka adhuhuri, yeye na Yosefu.

Anasema shina zilizokatwa zimeanza kutoa jani jipya katikati, limejikunja kama karatasi. Nikauliza ni shina ngapi, kati ya zile kumi na moja. Hakuangalia vizuri.

Nimemwambia arudi Jumapili aangalie.